Peptidi za Viumbe vya Magamba na Kinga ya Panya: Kurejesha Si Kuongeza

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi sasa, maabara za China, za Korea Kusini na za nchi nyingine zenye pwani zimekuwa zikichunguza peptidi zinazotokana na nyama ya chaza, kome na jamaa zao wa baharini. Panya ambao kinga yao imedhoofishwa kwa makusudi hulishwa peptidi hizo, kisha huangaliwa kama kinga hiyo inaamka tena. Mara nyingi matokeo yanayotangazwa ni mazuri, na habari zake hupita upesi kutoka lugha moja hadi nyingine kwa maneno machache tu: kiumbe fulani cha bahari "kinaongeza kinga".

Makala haya yanakusudia kueleza majaribio hayo hatua kwa hatua, na kuonyesha ni wapi maneno hayo mawili yanapoachana na ukweli wa maabara. Jambo hili haliwahusu wanabiolojia peke yao. Usemi "kuongeza kinga" umekwisha kuingia sokoni, katika matangazo ya dawa na katika mazungumzo ya wagonjwa. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, akiuelewa vibaya, anaweza kuiacha dawa inayomweka hai na kushika chupa isiyomfaa. Kwa hiyo anayefasiri habari za sayansi kwa Kiswahili ana wajibu wa kupima maneno yake kama vile mtu wa maabara apimavyo dawa.

2. Istilahi tatu za msingi

Kinga. Kitenzi kukinga kina maana mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni kuzuia kitu kisidhuru, kama mtu akingavyo uso wake kwa mkono. Ya pili ni kupokea kitu kinachotiririka, kama mtu akingavyo maji ya mvua kwa ndoo. Elimu ya tiba imechukua maana ya kwanza, nayo ndiyo iliyomo katika neno Ukimwi, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ugonjwa ambao wengi nchini Kongo huuita sida. Lakini picha ya ngao inaweza kupotosha. Ngao ni kitu kimoja, nayo huweza kuwa nene au nyembamba. Kinga ya mwili ni kazi ya chembe hai na protini za namna nyingi, ambazo nyingine huamsha na nyingine hutuliza.

Wataalamu huigawa kazi hiyo katika sehemu mbili. Kuna kinga ya kuzaliwa nayo, inayomjibu adui upesi bila kumjua kwa undani. Sehemu yake moja iligunduliwa katika kiumbe cha bahari: mwaka 1882, huko Messina nchini Italia, Elie Metchnikoff aliwachoma kwa miiba mabuu ya kiti cha pweza, akaona chembe hai zikikusanyika kuuzunguka mwiba. Kutokana na hilo alifikia wazo la chembe zinazomeza vijidudu, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Kisha kuna kinga ya kujifunza, inayomtambua adui mmoja mmoja na kumkumbuka. Kazi hiyo hufanywa na chembe nyeupe za damu ziitwazo limfositi. Mwaka 1961, mjini London, Jacques Miller aliwaondolea panya wachanga tezi ya thaimasi, iliyo kifuani juu ya moyo, akaona kwamba wanapungukiwa na limfositi na hawawezi kujikinga na magonjwa. Tangu zamani, basi, panya ni mwalimu mkubwa wa elimu hii.

Peptidi. Protini inaweza kufananishwa na mkufu mrefu wenye shanga kwa mamia, kila ushanga ukiwa asidi amino moja. Peptidi ni kipande kifupi cha mkufu wa namna hiyo, chenye shanga mbili, tatu, au kufikia hamsini hivi.

Viumbe vya magamba. Kiswahili cha pwani kina majina mengi katika uwanja huu: chaza, kome na kombe kwa wale wenye magamba mawili yanayofunga na kufunguka, kamba na kaa kwa wale wenye miguu na ganda gumu. Msomaji wa Kisangani au wa Lubumbashi, aliye mbali na bahari, asidhani kwamba jamii hiyo ni ya maji ya chumvi tu. Chaza wa maji baridi, ambaye wataalamu humwita Etheria elliptica, huishi akiwa amejishikiza kwenye miamba ya mito ya Afrika, na Mto Kongo ni mmojawapo.

3. Peptidi za namna mbili

Kosa la kwanza linalofanywa na wasomaji wengi ni kuchanganya peptidi za namna mbili tofauti.

Namna ya kwanza ni zile ambazo kiumbe hujitengenezea mwenyewe kwa ajili ya kujilinda. Kome hana limfositi wala kingamwili kama alizo nazo mtu, ingawa kila siku huchuja maji mengi yaliyojaa bakteria. Silaha zake ni chembe za kumeza na peptidi zinazotoboa ngozi ya bakteria. Peptidi za jamii ya defensini zilielezwa katika kome mwaka 1996, na mwaka 1997 zikaelezwa zile za kamba ziitwazo penaeidini. Hizi huua vijidudu moja kwa moja.

Namna ya pili, ambayo ndiyo hasa inayolishwa panya katika majaribio yanayozungumziwa hapa, haimo katika kiumbe aliye hai. Hupatikana kwa kuikata nyama yake. Nyama husagwa, hutiwa maji, kisha huongezwa kimeng'enya, yaani protini yenye kazi ya kukata protini nyingine. Vimeng'enya vitumikavyo ni kama pepsini na tripsini, ambavyo hata mwili wa mtu huvitoa, au papaini inayotokana na utomvu wa papai bichi. Papaini si kitu kigeni kwa Wakongo: wakulima wa eneo la Beni, katika Kivu Kaskazini, huchanja mapapai, hukinga utomvu wake na kuuuza kwa kazi hiyo. Baada ya saa kadhaa, mchanganyiko hupashwa moto ili kimeng'enya kiache kukata, kisha huchujwa na kukaushwa kuwa unga.

Unga huo una vipande vya aina nyingi sana kwa pamoja. Ukibadilisha kimeng'enya, joto au muda, utapata vipande vingine. Kwa sababu hiyo, "peptidi za chaza" za maabara moja si lazima ziwe sawa na "peptidi za chaza" za maabara nyingine, ingawa jina ni moja.

4. Jinsi kinga ya panya inavyodhoofishwa

Neno panya katika Kiswahili hubeba wanyama wawili ambao maabara huwatenga. Anayetajwa hapa ni yule mdogo, ambaye uzito wake ni gramu 20 au zaidi kidogo.

Ili kumpunguzia kinga, watafiti wengi hutumia dawa iitwayo siklofosfamidi. Asili ya dawa hiyo ni ya kivita. Gesi ya haradali ilipotumiwa katika Vita Kuu ya Kwanza, ilionekana kwamba waliodhurika walipungukiwa na chembe nyeupe za damu. Mwaka 1942, huko Yale nchini Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman walianza kutumia kemikali ya jamii hiyo dhidi ya saratani ya limfu. Siklofosfamidi yenyewe ilitoka Ujerumani katika miaka ya 1950, kwa kazi ya Norbert Brock na wenzake. Hadi leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huzuia chembe zinazogawanyika upesi zisigawanyike. Na kwa kuwa chembe za saratani na chembe za kinga zote hugawanyika upesi, dawa huzipiga zote mbili.

Katika jaribio, panya hudungwa dawa hiyo tumboni kwa siku kadhaa, mara nyingi kiasi cha miligramu 80 kwa kila kilo ya uzito. Wanyama hugawanywa katika makundi. Kundi la kwanza halipewi dawa wala peptidi. Kundi la pili hupewa siklofosfamidi peke yake. Makundi mengine, kwa kawaida matatu, hupewa siklofosfamidi pamoja na peptidi kwa kipimo kidogo, cha wastani na kikubwa. Mara nyingi huwapo pia kundi linalopewa siklofosfamidi pamoja na dawa inayojulikana kuwa huamsha kinga, hasa levamisole, ili iwe kielelezo cha kulinganishia.

5. Yanayopimwa na yanayoonekana

Baada ya wiki moja hadi nne hivi, vipimo vya namna tano huchukuliwa. Kwanza, uzito wa wengu (bandama) na wa thaimasi ukilinganishwa na uzito wa mwili wote, kwa kuwa viungo hivyo hunywea chini ya siklofosfamidi. Pili, uwezo wa limfositi za wengu kugawanyika zinapochokozwa. Tatu, uwezo wa chembe za kumeza kumeza rangi au kaboni, na uwezo wa chembe za kuua kuangamiza chembe za saratani ndani ya chupa. Nne, kiasi cha sitokini, yaani protini ambazo chembe za kinga hutumia kuitana na kuamrishana, kama vile interlukini 2 na interferoni gama. Tano, kiasi cha kingamwili katika damu.

Mwelekeo unaoripotiwa ni huu: vipimo hivyo hushuka sana katika kundi la siklofosfamidi peke yake, na hushuka kidogo zaidi, au hukaribia hali ya kawaida, katika makundi yaliyolishwa peptidi. Tuchukue mfano wa kubuni. Ikiwa kipimo fulani ni 100 kwa panya mzima na 50 kwa panya wa dawa, panya wa peptidi anaweza kuwa na 80. Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Aliyeandika kwamba kinga "imeongezeka kwa asilimia 60" amelinganisha 80 na 50, wala hakusema uongo. Lakini msomaji asiyeambiwa habari ya 50 hudhani kwamba mtu mzima mwenye 100 akila unga huo atafika 160. Jaribio halikusema hivyo. Lililoonekana ni kurejea kwa kilichopotea, tena kwa sehemu.

Zaidi ya hayo, panya anayeachishwa siklofosfamidi hupona mwenyewe: chembe nyeupe huanza kurudi baada ya siku chache hata asipopewa kitu. Kwa hiyo siku ya kupima ina maana kubwa. Peptidi zinaweza kuwa zimeharakisha safari ambayo mwili ulikuwa umekwisha kuianza.

Je, zinafanyaje kazi? Tumbo hukata peptidi zaidi, na utumbo una mlango maalumu wa kupitisha vipande vya asidi amino mbili au tatu. Baadhi ya watafiti hudhani kwamba vipande hivyo hufika kwenye chembe za kinga. Wengine huona kwamba kazi hufanyika utumbomi mwenyewe, ambamo chembe nyingi za kinga hukaa, na kwamba peptidi hubadilisha jamii ya bakteria wanaoishi humo. Lipo pia jambo dogo la kuangaliwa. Unga uliochafuliwa kidogo na mabaki ya bakteria unaweza kuamsha chembe za kumeza hata kama peptidi zenyewe hazina nguvu. Maabara makini hupima uchafu huo kwanza, na kipimo kilichoenea sana hutokana na damu ya mnyama mwingine wa bahari mwenye ganda, Limulus polyphemus, kwa ugunduzi wa Frederik Bang na Jack Levin.

6. Kutoka kwa panya hadi kwa mtu

Mababu wa panya na wa mtu waliachana zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Katika damu ya panya, limfositi ndizo chembe nyeupe zilizo nyingi. Katika damu ya mtu mzima, walio wengi ni jamaa zao wa kumeza waitwao nyutrofili. Hata kipimo hakihamishwi kwa kuzidisha uzito tu. Panya akipewa miligramu 400 kwa kilo, hesabu ya haraka ingempa mtu wa kilo 60 gramu 24 kwa siku. Kwa kanuni itumikayo, inayofuata eneo la ngozi, kipimo cha panya kwa kila kilo hugawanywa kwa 12 hivi, na mtu huyo hupata gramu 2 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachiwa muuzaji wa sokoni aikadirie.

Historia ya levamisole, yaani kielelezo chenyewe cha majaribio haya, inatoa funzo. Dawa hiyo ilitoka Ubelgiji, katika maabara za Janssen, katika miaka ya 1960, ikiwa ni dawa ya minyoo. Mwaka 1971 Gérard Renoux na mwenzake, huko Ufaransa, walionyesha kwamba huamsha kinga ya panya. Matumaini yakawa makubwa. Ikajaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi na wa saratani, na mwaka 1990 Marekani iliikubali itumike pamoja na dawa nyingine dhidi ya saratani ya utumbo mpana. Lakini katika baadhi ya watu dawa hiyo iliyosifiwa kwa kuamsha kinga ilifanya kinyume: iliziangamiza chembe nyeupe zao. Mwaka 2000 iliondolewa katika matumizi ya binadamu nchini Marekani.

Funzo la pili linawagusa moja kwa moja watu wenye virusi vya Ukimwi. Interlukini 2, ambayo ni mojawapo ya vipimo vilivyotajwa hapo juu, iliwahi kutolewa kama dawa katika majaribio mawili makubwa, ESPRIT na SILCAAT, yaliyochapishwa mwaka 2009. Jumla ya watu waliohusika ilipita 5 800. Waliopewa interlukini 2 pamoja na dawa za kupunguza makali ya virusi walipata limfositi nyingi zaidi za aina ya CD4 kuliko wenzao. Hata hivyo hawakuugua kidogo zaidi, wala hawakufa kidogo zaidi. Namba ilipanda, afya haikupanda nayo.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Siklofosfamidi hupiga mara moja kisha huondoka. Virusi vya Ukimwi havijiondokei: hukaa na kuharibu kila siku, tena hupenda kuzaliana ndani ya limfositi zilizoamshwa. Kuamsha bila kuzuia virusi ni kujaza mtungi uliopasuka. Dawa za kupunguza makali ya virusi huziba ufa kwanza, na baada ya hapo mwili hujaza mtungi wenyewe. Kwa hiyo matokeo ya panya wa siklofosfamidi, hata yakiwa ya kweli kabisa, hayajibu swali la mgonjwa wa Ukimwi. Wale wanaoweza kutazamia faida siku moja ni wagonjwa wa saratani wanaotumia dawa za jamii ya siklofosfamidi, na hao nao watasubiri majaribio ya binadamu.

Tusisahau pia kwamba si kila mtu anahitaji kinga iamke. Mwenye figo ya kupandikizwa hutumia dawa ili kinga yake itulie. Na kwa watu wengine, nyama ya viumbe vya magamba huleta mzio mkali unaoweza kuua.

7. Suala la lugha

Katika Kiswahili cha miji ya Kongo, usemi "dawa ya kuongeza damu" umezoeleka. Anayeusikia huelewa mambo mawili yasiyotamkwa: kwamba damu imepungua, na kwamba upungufu huo umeonekana, ama hospitalini ama kwa weupe wa macho na viganja. Kuongeza hapa ni kujazia pengo. Usemi "kuongeza kinga" umeundwa kwa mfano uleule, lakini mambo hayo mawili yamedondoka njiani. Msikilizaji haulizi ni kipi kilichopungua wala ni nani aliyekipima. Kitenzi kilichokuwa na mpaka kimepoteza mpaka wake.

Kiswahili hakikosi njia ya kuurudisha. Vitenzi vinne vinaweza kugawana kazi. Kudhoofisha kinga ni kile kinachofanywa na siklofosfamidi. Kurejesha kinga ni kuirudisha, nusu au yote, kwenye hali ya awali, na ndiyo tafsiri inayolingana na majaribio yaliyoelezwa hapa. Kuamsha kinga ni kuzifanya chembe zijibu kwa nguvu zaidi, bila kudai kwamba mtu atapona au hataugua. Neno hili linafaa kwa majaribio ya ndani ya chupa. Kuongeza kinga libaki kwa pale ambapo imethibitishwa kwamba mtu amekingika na ugonjwa fulani kuliko alivyokuwa, kama inavyofanywa na chanjo. Na kila kimojawapo kifuatwe na yambwa yake kamili: ni kinga ya nani, panya au mtu, na dhidi ya nini.

8. Hitimisho

Peptidi za viumbe vya magamba ni uwanja halali wa utafiti, na matokeo yake kwa panya waliodhoofishwa kinga hayapaswi kudharauliwa. Yanaonyesha kwamba vipande vya protini ya chakula vinaweza kuusaidia mwili uliopigwa na dawa kali ujirudie upesi zaidi. Hayaonyeshi kwamba mtu mwenye afya atakuwa na afya zaidi, wala kwamba mgonjwa wa Ukimwi anaweza kuacha dawa zake. Mwanafunzi anayefasiri habari za namna hii, kabla ya kuandika kitenzi, na ajiulize maswali matatu: kipimo kilishuka kutoka wapi, kilirudi hadi wapi, na aliyepimwa alikuwa nani. Akiwa na majibu hayo, kitenzi sahihi kitajichagua chenyewe.